Marie-Louise na Saa Sita ya Usiku

Nyimbo za siku hizi zavuma miezi mitatu, kisha hupotea kama umande juani. Mtoto aliyeimba wimbo wakati wa Pasaka, ukimwomba auimbe tena wakati wa Noeli, atakucheka kwamba umebaki nyuma. Lakini uko wimbo mmoja uliotiwa katika sahani ya santuri mwaka 1948, siku mji wetu ungali ukiitwa Stanleyville, na mpaka leo ukipigwa katika matanga au katika arusi hapa Kisangani, wazee husimama, na vijana hujua mahali pa kuitikia. Wimbo huo ni Marie-Louise. Mwimbaji wake ni Wendo Kolosoy, na aliyempigia gitaa ni Henri Bowane.

Huenda msomaji mmoja atauliza: Wimbo wa dansi waingiaje katika gazeti la Wakristu? Tunamjibu kwamba waingia kwa mlango ulio wazi. Masimulizi yaliyoenea Kongo nzima yasema kwamba wakubwa wa dini wa siku zile waliuhukumu wimbo huo kuwa na nguvu za shetani. Kwamba ukipigwa saa sita ya usiku huwafufua wafu. Kwamba Wendo aliondoka Léopoldville kwa sababu ya ghasia hizo. Kwamba Wabelgiji walimtia gerezani kwa muda mfupi papa hapa Stanleyville. Tena kwamba alitengwa na Kanisa. Basi habari hii ni yetu mara mbili: ni ya Kanisa letu, na ni ya mji wetu.

Wala si habari ya zamani tu. Nani asiyejua kwaya iliyomfukuza mpiga gitaa wake kwa kuwa alionekana Jumamosi usiku akipiga rumba katika baa? Na mtu yule yule, mwaka mzima, ndiye aliyewafanya waamini wacheze kwa furaha wakati wa kupeleka vipaji altareni. Wahubiri wa makanisa ya uamsho, ambao vipaza sauti vyao twavisikia kila jioni, hugawanya muziki mafungu mawili, wa Mungu na wa dunia. Na ule wa dunia wausema wote ni wa shetani. Wakatoliki wengi wamekwisha kulichukua neno hilo bila kulipima. Kwa hiyo yafaa turudi kwa wimbo uliohukumiwa zamani kabla ya nyingine hizi zote, tuusikilize kwa makini, tuone kama hukumu ile ilikuwa na haki.

Wendo alizaliwa mwaka 1925 katika nchi ya Mushie, upande wa Mai-Ndombe. Jina lake la ubatizo ni Antoine. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka saba hivi, na mama yake, ambaye naye alikuwa mwimbaji, akafuata bila kukawia. Yatima huyo alilelewa kwa mapadri wamisionari, na alipokuwa na miaka kumi na mmoja alikuwa amekwisha kushika gitaa. Husimuliwa kwamba alipofika miaka kumi na miwili au kumi na mitatu mapadri walimwondoa, maana maneno ya nyimbo zake hayakuwapendeza. Tazameni basi: ugomvi wa Wendo na misioni ulianza mapema, kabla ya Marie-Louise kuwako. Baadaye alifanya kazi katika meli za mto, akapigana ngumi za mchezo ili apate fedha, akaimba kila alipofikia. Watu wakamwita Wendo Sor, kwa kuchezea jina la yule mkubwa wa Kiingereza, Duke wa Windsor, aliyeacha kiti cha ufalme kwa ajili ya mwanamke. Jina hilo la kuchezea lenyewe laonyesha akili ya watu wa bandarini: habari ya Ulaya ikifika kwao, hugeuka kichekesho siku ile ile.

Mto ndio uliomkuza. Meli iliyoondoka Léopoldville ilipanda zaidi ya kilomita 1,700, ikipita Coquilhatville, Lisala na Bumba, ikaishia kwetu, kwa sababu mbele yetu maporomoko ya Wagenia yafunga njia. Kila kitu kilichopanda na mto kilishushwa hapa: chumvi, vitambaa, barua, na nyimbo. Na hapa ndipo Lingala, iliyopanda na meli, ilipokutana na Kiswahili kilichotoka mashariki. Mtu wa Makiso humsalimu jirani kwa Lingala, akanunua samaki kwa Kiswahili, akajibu barua ya serikali kwa Kifaransa, bila kuona kwamba amefanya jambo la ajabu. Mji wa namna hii ni mpimaji mzuri wa wimbo. Wimbo wa Lingala ukipendwa na bibi anayefikiri kwa Kiswahili, maana yake una kitu kingine zaidi ya maneno.

Mwaka 1948 Mgiriki mmoja, Nicolas Jéronimidis, alifungua kampuni ya sahani za santuri huko Léopoldville, akaipa jina la Ngoma. Sisi wa Kisangani twawajua Wagiriki kwa biashara ya dukani. Huyu alifanya biashara ya sauti. Wendo alikuwa amekwisha kujulikana kwa redio ya mji ule, Radio Congolia, nayo Marie-Louise ikawa katika kazi za kwanza za kampuni hiyo mpya. Kutoka hapo ilienea Kongo nzima, ikavuka mipaka, ikasikika hata nchi za Afrika ya magharibi. Kumbukeni kwamba si kila nyumba ilikuwa na santuri. Nyumba moja katika njia nzima ilikuwa nayo, ile ya kuzungushwa kwa mkono, na majirani walikuja kukaa uani. Kwa hiyo wimbo ulisikilizwa na watu ishirini kwa pamoja, si na kijana mmoja aliyeziba masikio kwa vidude vya simu. Jambo hili tutalikumbuka mbele kidogo.

Yafaa pia kukumbuka Makiso ilikuwa nini. Leo ni komini ya katikati ya mji: lina kanisa kuu la Notre-Dame du Rosaire karibu na mto, na ofisi, na maduka, na wanafunzi wa chuo kikuu wanaopita kwa baiskeli na pikipiki. Siku za wimbo huu, sehemu hiyo ilikuwa mji wa Wazungu. Mwafrika aliingia asubuhi kufanya kazi, na jioni alipaswa kurudi katika makazi yaliyotengwa kwa ajili ya Waafrika. Usiku alikatazwa kutembea katika mji wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa, na polisi hawakuwa na mzaha.

Sasa lisikilizeni tena lile neno: saa sita ya usiku. Kwa nini si saa nne ya asubuhi? Kwa nini si Jumapili mchana, baada ya Misa? Sisi twafikiri kwamba saa ile ndiyo iliyoogopesha, kuliko gitaa. Saa sita ya usiku ni saa ambayo kwa amri ya serikali watu walipaswa kulala. Ni saa ya baa ambayo haijafunga mlango. Ni saa ya mwanamke asiye na mume, aliyekuja mjini peke yake na kuishi kwa namna ambayo mapadri hawakuipenda. Tena ni saa ya matanga, watu wakikesha kando ya maiti mpaka mapambazuko. Wimbo unaopigwa saa hiyo, hata ungekuwa wa kuhesabu mayai, ungepata sifa mbaya.

Na lile la kuwafufua wafu? Twawaomba wasomaji wajisikilize wenyewe wanavyosema. Mtu akila mchuzi mtamu husema, mchuzi huu ungemwamsha mgonjwa. Akisikia ngoma iliyopigwa vema husema, hata kiwete angesimama. Kiswahili chetu hupenda kusifu kwa kupita kiasi, na Lingala hivyo hivyo. Aliyesema mara ya kwanza kwamba Marie-Louise ingewainua wafu, kwa maoni yetu, alikuwa akiusifu wimbo kwa sifa kubwa kuliko zote alizokuwa nazo. Sifa hiyo ikatembea mdomo kwa mdomo, na kila mdomo ukaiongeza kidogo, mpaka ikafika kwa watu waliokuwa na madaraka. Hao wakaiandika kama vile shahidi anavyoandikwa mahakamani. Neno la sifa likageuka shtaka.

Hata hivyo tusiwacheke mapadri wa siku zile upesi mno. Walikuwa wakishindana kila siku na uaguzi na hofu ya wachawi, hofu ambayo iliua watu wa kweli, na ambayo mpaka leo huwatupa watoto wetu wengi njiani kwa kuitwa wachawi. Padri aliyesikia kwamba kuna sahani iwaitayo wafu, na kwamba watu waiamini, hakuwa mjinga alipotega sikio. Tena waliona mishahara ikinywewa usiku mmoja, na wake wakija misioni kuomba msaada wa unga. Mambo hayo yalikuwa ya kweli. Lakini kosa la usiku mzima lilitwikwa wimbo wa dakika tatu, kwa sababu wimbo una jina na mwenyewe, nao usiku hauna. Mwimbaji aweza kukamatwa. Ulevi haukamatwi.

Juu ya neno la kutengwa, tuseme jambo moja, maana watu hulitumia ovyo. Kumnyima Mkristu Komunyo kwa muda ni jambo moja; kumtenga na Kanisa kwa hukumu ya sheria ni jambo jingine, zito kabisa. Kinywani mwa watu yote mawili huitwa kufukuzwa. Anayesimulia habari za Wendo apime neno lake kabla ya kulitoa, hasa akiwa mbele ya vijana.

Tuje sasa kwa wimbo wenyewe, maana wengi hubishana juu yake bila kuusikiliza.

Maneno yake ni ya mapenzi. Mwanamume amwita msichana, na rafiki yake mwenye gitaa yumo pamoja naye katika shauri hilo. Hatukuta ndani yake mzimu wala dawa, wala tusi la kumfanya mama aone haya mbele ya watoto wake. Ukilinganisha na nyimbo zinazopigwa leo katika mabasi yetu, watoto wa shule wakiwamo ndani, ni wimbo wa adabu. Hatusemi hivyo ili kuufanya kuwa utenzi wa dini. Ni wimbo wa tamaa ya kijana, naye kijana huyo hana haraka ya kuzungumza habari za mahari na wazee. Tena Marie-Louise mwenyewe hasemi kitu; anaitwa tu, anasifiwa tu. Kama twataka kuushtaki wimbo, hapo ndipo pa kuushtaki. Wanawake wameimbwa sana katika nchi hii, na wameulizwa kidogo. Lakini kosa hilo halikuwa katika orodha ya wakubwa wa mwaka 1948.

Sahani za siku zile zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulitosha kiasi cha dakika tatu hivi. Hilo lilimfunga mwimbaji, nasi twafikiri lilimsaidia. Hakuwa na nafasi ya kuzunguka. Leo mwanamuziki wa Kinshasa aweza kutupa wimbo wa dakika kumi, na katika hizo kumi, tano ni za kuitaita watu. Wendo na Bowane walipaswa kuingia, kusema, kucheza na kutoka kabla sindano haijafika katikati ya sahani. Ndiyo sababu wimbo haukuchosha sikio. Mtu aliyeusikia mara moja aliomba urudishwe, naye mwenye santuri akazungusha tena mkono wake.

Sauti ya Wendo ina jambo ambalo hakuna mwingine wa rika lake aliyelijua kama yeye. Huruka ghafula toka kifuani kwenda juu kichwani, kisha hushuka bila kuvunjika, kama wafanyavyo wachunga ng'ombe wa milima ya Ulaya wakiitana toka kilima hata kilima. Kwa mtu wa mto, ni namna ya kuita ng'ambo. Wanaoishi Lubunga, na kila siku hungojea mtumbwi wa kuwavusha kuja Makiso, hawahitaji kufundishwa maana ya sauti kama hiyo.

Kisha gitaa. Bowane alipomaliza kumsindikiza mwimbaji hakunyamaza. Aliliacha gitaa lizunguke juu ya mwendo mmoja, likiurudia na kuugeuza kidogo kidogo, maneno yakisimama pembeni, ili wachezaji wapate nafasi yao. Hiyo ndiyo sebene, ambayo kila mtoto wa Kongo aijua kabla ya kujua kusoma, na Bowane husifiwa mara nyingi kuwa baba yake. Hatusemi kwamba hakuna aliyeijaribu kabla yake; vitu vya watu wengi havina baba mmoja. Lakini katika Marie-Louise sebene ilipata nyumba, na toka nyumba hiyo ilitoka kwenda nchi nzima. Baadaye Bowane aliingia katika kampuni nyingine ya Wagiriki, Loningisa, na huko alimpokea kijana mmoja maskini, François Luambo, ambaye watu wote walikuja kumjua kwa jina la Franco. Msomaji mwenye kupenda rumba ataona hapo uzi mmoja usiokatika.

Sasa tuseme habari ya jina, ambayo kwa maoni yetu ndiyo iliyo nzito kuliko zote, nayo husahauliwa. Marie-Louise ni jina la ubatizo. Halikutoka msituni wala baharini. Liliandikwa kwanza katika kitabu cha parokia. Msichana aliyeitwa hivyo mwaka 1948 alikuwa mtoto wa misioni: alijua katekisimu, huenda na kushona, na mapadri na masista walimtazamia aolewe kanisani na kijana mwenye cheti. Ghafula jina lake laimbwa katika baa na mabaharia. Twafikiri mapadri waliumia hapo kuliko mahali pengine, hata kama hawakujua kulisema. Walikuwa wametoa jina zuri kwa ajili ya mbingu, wakalisikia likirudi usiku na gitaa. Lakini wangeweza kulitazama jambo hilo kwa upande wa pili pia. Kijana wa mjini hakuona jina hilo kuwa la Wazungu tena. Alilifanya lake, akaliimba kwa Lingala, akalipenda. Jina la ubatizo lilikuwa limeshuka toka kitabuni na kuingia katika maisha ya watu. Je, si hilo ndilo wamisionari walilolitaka?

Na angalieni lililotokea baadaye. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya Kikristu, kwa kusema kwamba si majina ya asili. Kardinali Malula alipinga siasa hiyo, akalazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Ofisini, shuleni na katika vitambulisho, akina Marie-Louise wote walipaswa kupata majina mengine. Mapadri waliendelea kubatiza kwa siri au kwa unyamavu. Lakini wimbo haukubadilishwa jina, maana nani angeweza kuuita kwa jina jingine na watu wakaelewa? Miaka yote ile, mpaka siasa hiyo ilipolegea mwaka 1990, wimbo ulioitwa wa shetani ulikuwa ukilitangaza waziwazi jina ambalo Kanisa lilikatazwa kuliandika. Twalisema hili bila kejeli. Mambo ya Mungu yana njia nyingi.

Hapo hapo tuongeze neno juu ya desturi ya siku hizi iitwayo mabanga. Mwanamuziki huingiza katika wimbo wake majina ya matajiri, ya wakubwa wa jeshi, ya wafanya biashara walioko Ulaya, nao humlipa kwa kuitwa. Wimbo wa mapenzi umekuwa kama orodha ya michango. Kila jina linaloitwa kwa fedha hufa pamoja na fedha ile. Miaka mitano ikipita, msikilizaji huuliza, huyu alikuwa nani? Marie-Louise hakulipa kitu ili aitwe. Labda ndiyo sababu bado anaitwa.

Msomaji anayejua muziki aweza kutubishia kwa kumtaja Mwenda Jean Bosco, mtu wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimkuta Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na kuipata sauti yake mwaka 1952. Wimbo wake Masanga ni wa Kiswahili, yaani uko karibu nasi kuliko Marie-Louise. Nasi twakubali wazi: kwa ustadi wa vidole, Masanga yazidi. Wapiga gitaa wa nchi nyingi wamejifunza kwayo, na wengi wao wameshindwa. Lakini watu walio matangani hawawezi kuimba vidole vya Bosco. Wanaweza kuliimba jina. Marie-Louise ina mahali pa kuitikia, na kila mtu, mwenye sauti nzuri na mwenye sauti ya chura, apata kazi. Hapa ndipo tukumbuke wale majirani ishirini waliokaa uani. Wimbo ulizaliwa kwa ajili ya watu wengi kwa pamoja, na ndio wanaouweka hai. Masanga yahitaji bingwa. Marie-Louise yahitaji watu tu.

Na Kanisa lenyewe limetembea. Mwaka 1958, miaka kumi tu baada ya sahani ile, huko Kamina Padri Guido Haazen, Mfransisko, aliongoza Missa Luba, na ngoma zikaingia katika sala za Misa mbele ya watu wote. Mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha Misa kwa majimbo ya Zaïre, ambacho kwacho waamini hucheza na kuzunguka altare wakati wa Utukufu. Leo ingia kanisani Jumapili yoyote hapa mjini, usikilize gitaa wakati wa vipaji. Lile gitaa linalozunguka juu ya mwendo mmoja, likiurudia na kuugeuza kidogo kidogo, huku akina mama wakishuka na vikapu vya ndizi na mihogo, ni nini kama si sebene? Mtoto wa kwaya anayepiga hivyo atembea katika njia iliyofunguliwa na Bowane, ingawa huenda hajalisikia jina lake.

Kwa hiyo turudi kwa yule mpiga gitaa aliyefukuzwa. Kamati ya kwaya ina haki ya kumwuliza maswali. Je, alilewa? Je, aliwaacha watoto bila chakula? Je, alikuja mazoezini amechoka hata akashindwa kazi yake? Haya ni maswali ya haki, na yana majibu. Lakini kumwuliza kwa nini vidole vyake vilipiga Jumamosi mwendo ule ule vinaoupiga Jumapili, hilo ni swali lisilo na maana. Mwenye kulijibu atalazimika kueleza ni saa ngapi ya usiku gitaa hubadilika dini. Tena wengi wa vijana hawa hawana mshahara mwingine. Parokia haiwalipi, na hatuwezi kuilaumu, maana haina. Lakini asiyelipa asijifanye kuwa mwenye mali.

Wendo mwenyewe alinyamaza kwa miaka mingi. Alikuwa rafiki wa Patrice Lumumba, ambaye mji wetu wamjua vema kwa kuwa alifanya kazi katika posta ya Stanleyville. Lumumba aliuawa Januari 1961, na Mobutu akashika nchi mwaka 1965. Wendo, ambaye hakutaka sauti yake itumiwe na wanasiasa, akajiondoa katika muziki. Wimbo ukaendelea kuishi bila mwenyewe. Watu walikuwa wamekwisha kuziita siku zile za kwanza tango ya ba Wendo, yaani wakati wa akina Wendo, na mpaka leo mtu akitaka kusema jambo ni la kale sana hulisema hivyo, hata kama hazungumzi habari za muziki. Ni waimbaji wachache duniani ambao jina lao limekuwa kipimo cha saa.

Alirudi akiwa mzee, miaka ya 1990, pamoja na wenzake wa Victoria Bakolo Miziki, na mwaka 1997 ikatoka albamu iliyobeba jina la wimbo ule ule, Marie Louise. Watu wa Ulaya wakamsikia kwa mara ya kwanza kama kitu kipya. Alifariki Kinshasa tarehe 28 Julai 2008, akiwa na miaka 83. Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo zote mbili katika orodha ya urithi wa wanadamu, na siku ile nyimbo za wakati wake zilipigwa tena.

Msomaji anayetaka kuusikia wimbo kwa haki atafute ile sauti ya 1948, ingawa ina mikwaruzo, ndipo asikilize ile ya 1997. Katika ya pili kundi ni kubwa, na sauti ya mzee ni nzito, yenye mikunjo. Ni ya mtu anayekumbuka. Katika ya kwanza yuko kijana wa miaka ishirini na mitatu, gitaa karibu yake, na haraka ya sindano inayokwenda. Sisi twaipenda ile ya kwanza. Siku hizi hupatikana kwa simu, na haidai zaidi ya dakika tatu, saa yoyote ya mchana au ya usiku.